Serikali Ikijenga Reli, Nani Anavuna?

Reli mpya ikipita jirani, kiwanja hupanda bei hata kama mwenyewe hajaongeza tofali. Gharama imebebwa na walipa kodi wote, faida imemwangukia yeye. Mwaka 1879 Henry George, mwandishi wa uchumi wa Marekani, aliigeuza hali hiyo kuwa hoja ya kisiasa: kodi ya ardhi ichukue nafasi ya kodi nyingine zote. Karibu karne moja baadaye mchumi Joseph Stiglitz alionyesha kihesabu kwamba, katika mazingira fulani, jumla ya pango la ardhi hulingana na matumizi ya serikali kwa huduma za umma.

Hayo "mazingira fulani" ndiyo mashabiki wa George huyaruka. Hesabu hiyo inahusu mji wenye idadi ya watu inayofaa hasa, na huduma ambayo mmoja akiitumia haimpunguzii mwingine. Haisemi kuwa kila fedha inayotumika huibukia kwenye ardhi. Uwanja wa ndege usio na abiria hauinui bei ya chochote, na watu wasipoweza kuhama kufuata huduma, sehemu ya faida hubaki kwa wakazi wenyewe. Tena kuna kodi inayogharimia huduma hizo. Mwaka 1969 mchumi Wallace Oates alichunguza miji 53 ya New Jersey, Marekani: nyumba zilikuwa ghali zaidi pale shule zilipogharamiwa vizuri, na bei ilishuka pale kodi ya majengo ilipokuwa kubwa. Mnunuzi hupima yote mawili.

Hata hivyo, hoja ya msingi inasimama: ardhi inaweza kulipia huduma iliyoipandisha bei. Kule Hong Kong, kampuni ya reli ya MTR hupewa haki ya kujenga juu na kando ya stesheni, ikiilipa serikali thamani ya ardhi kama vile reli isingekuwepo. Tofauti kati ya thamani hiyo na ile inayokuja na reli husaidia kulipia reli yenyewe.

Wapinzani hukumbusha yaliyotokea Uingereza. Sheria ya mwaka 1947 ilichukua ongezeko lote la thamani litokanalo na kibali cha kujenga. Wenye ardhi wakakaa nayo wasiuze, na tozo hiyo ikafutwa katika miaka ya 1950. Kwangu, kosa lilikuwa pale tozo ilipoelekezwa. Ilimwadhibu anayejenga na kumwacha aliyekalia kiwanja kitupu. Kodi ya ardhi ya kila mwaka haijali umejenga au hujajenga, na ardhi haiwezi kuikimbia.

Shida iliyo nzito zaidi ni ya mjane mwenye kiwanja cha thamani na mfuko mtupu. Huyo aruhusiwe kuahirisha deni hadi kiwanja kitakapouzwa au kurithiwa. Mpangaji, ambaye hatajwi sana, hana cha kuahirisha: hulipa kodi iliyojenga barabara, kisha barabara ikifika, mwenye nyumba humpandishia pango.