Anayesema kutembea ni bure hajatembea Mbeya

Kuna watu mnapenda kusema eti kutembea kwa miguu ni bure, unaokoa nauli na mwili unachangamka. Njooni Mbeya mtembee halafu tuongee vizuri.

Juzi natoka zangu Ilomba naenda mjini, Uhindini, kufuatilia karatasi yangu kwenye ofisi moja, nikasema leo sipandi bajaji, siwezi kila siku kukaa mbele na dereva shavu moja la makalio liko ndani lingine linapunga hewa barabarani halafu bado nadaiwa nauli nzima. Nikavaa raba, sweta, juu ya sweta koti. Mwezi wa sita huu, asubuhi ukifungua mdomo unatoa moshi na sigara huvuti, kwa hiyo koti si pambo, koti ni dawa.

Sasa jua la huku nalo halina adabu. Saa mbili unatetemeka, saa nne unachomwa utosi. Koti likatoka mwilini likahamia mkononi, na lile koti ni zito, la mtumba la kizungu halisi, nadhani mwenyewe wa kwanza alikuwa anachungia kondoo kwenye theluji. Mji wenyewe uko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, pumzi tunaibania, halafu nabeba koti!

Barabara kuu ndo usiseme. Malori ya Tunduma yamejipanga, mengine Zambia, mengine Kongo, yote yananguruma sikioni kwangu, na hapo hapo wanajenga njia nne toka Nsalaga kwenda Ifisi, kilomita 29, jambo zuri kabisa sipingi, siku ikiisha nitapiga makofi, ila kwa sasa njia nne ninazozijua mimi ni mbili za pua na mbili za masikio na zote zimejaa vumbi. Nikanunua maji. Nikanunua na leso. Ndo kwanza nimefika Soweto hapo, na hela ya nauli imeshakwenda.

(Shemeji yangu wa Dar alikuja mwaka jana nikamwambia kesho nakutembeza Soweto, tunapita Ghana, jioni tunamalizia Uhindini. Akauliza kama aje na pasipoti.)

Nikafika Mwanjelwa. Soko la zamani liliungua Desemba 2006, likajengwa jipya la ghorofa, lakini we pita pale nje uone watu walivyotandaza chini kama vile ghorofa ni la kuangalia tu. Na siwalaumu, mteja mwenyewe mvivu, ngazi hapandi. Mnada umechangamka, jero jero, chagua mwenyewe mama, mzigo wa leo huu. Mimi nakatiza katikati, koti mkononi, najifuta jasho. Mara mama mmoja kajifunga khanga mbili kanishika kiwiko.

"Ugonile baba. Hilo bei gani?"

"Lipi?"

"Hilo koti."

"Mama hili la kwangu, navaa."

"Mbona hujavaa? Sema bei bwana, jua kali."

Kabla sijajibu akaja kijana akalishika kwenye kola akaligeuza ndani nje, akaangalia zipu, akanusa kwapa mwe! mbele za watu! akasema "hili limeshavaliwa sana, mpe buku tatu mzee aende." Buku tatu! Koti la elfu kumi na tano, na nilibembeleza mpaka nikakauka koo! Hasira zikanipanda, nikaanza kulitetea, nikamwonyesha bitana, nikamwonyesha mfuko wa ndani, nikamwambia kijana shika uone uzito, na ndo hapo nikagundua nimezungukwa na watu sita na mama kafika elfu saba. Kusema kweli nilitulia kidogo. Ile saba ilikuwa inaongea. Ila nikakumbuka jioni, nikakumbuka na upepo wa kwetu Ilomba, nikalivaa palepale juani nikaondoka nalo nachuruzika maji. Nyuma nasikia "mzee elfu nane basi!"

Kupanda kwenda mjini nisiseme mengi, ni mlima. Wazungu walifuata dhahabu Lupa huko miaka ya 1920 ndo mji huu ukaanzishwa, dhahabu wakabeba, vilima wametuachia sisi. Ukimuuliza mtu Uhindini bado mbali anakwambia "hapo tu." Mtu wa Mbeya kila kitu kwake hapo tu, hata Kyela atakwambia hapo tu.

Sokomatola kosa si langu. Mtu aliyepanda mwinuko ule na koti la kondoo halafu anapitishwa kwenye harufu ya mchele wa Kyela, sufuria ndo kwanza limefunuliwa, maharage pembeni yanatokota, kuna parachichi limepasuliwa kama tangazo. Nikakaa. Mama ntilie kaniuliza "na nyama?" kwa sauti ya upole sana, ile ya muuguzi. Nikasema na nyama.

Ofisini wakaniambia mtandao haupo, rudi kesho mapema. Basi. Hiyo ndo shughuli iliyonitoa nyumbani, imechukua dakika mbili.

Kurudi miguu haina nguvu tena, tumbo limejaa, nikapanda bajaji. Kumbe nilishanunua na viazi kisado kimoja, maana yule muuzaji alinijazia mpaka vinamwagika nikaona nikiviacha ni dhambi. Kubadilisha bajaji pale Kabwe, dereva kaangalia mfuko, kaniangalia mimi, kasema mzee mzigo nao una nauli. Nikamwambia viazi vinakaa mapajani kwangu siti havijachukua. Akasema hata mtoto anakaa mapajani. Nikalipa, nimekaa mbele na dereva, shavu moja nje, na baridi imeshaanza kurudi.

Nafika nyumbani mama watoto kachungulia mfuko.

"Umevitoa wapi hivi?"

"Mjini."

"Bei gani?"

Nikamtajia. Akacheka mpaka akashika mlango. Kumbe vinapandwa kwa jirani nyuma ya choo chetu, kisado buku nzima pungufu, na anakuletea mwenyewe mpaka jikoni.

Kesho wamesema niwahi kabla foleni haijawa ndefu.