Joka la Lucian na ombaomba wa Efeso

Msema pweke hana mshinde, na Lucian wa Samosata, mwandishi wa kejeli wa karne ya pili, alijua wakati wa kusema: mshtakiwa wake alikuwa ameshazikwa. Kitabu chake juu ya Alexander wa Abonoteichus, mji wa pwani ya Bahari Nyeusi, alikiandika kwa Kigiriki baada ya kaizari Marcus Aurelius kufa mwaka 180, na kinasomeka kama ripoti ya mpelelezi. Alexander, "nabii wa uongo" kama anavyomwita, alitoboa yai la bata bukini, akatia kitoto cha nyoka, akalificha kwenye tope la msingi wa hekalu. Asubuhi akalifukua mbele ya umati: mungu kazaliwa! Siku chache baadaye watu wakaingizwa kwenye chumba chenye mwanga hafifu, wakamkuta nabii kajiviringishia joka zima, lililofugwa, alilolinunua Makedonia. Kichwa cha joka kilibanwa kwapani. Kilichotokeza ndevuni mwake kilikuwa kichwa cha kitani, kimepakwa rangi, kina sura ya mtu. Kikaja hata kusema, kwa mrija wa makoromeo ya ndege korongo na mtu wa kunong'ona upande wa pili. Aliyetaka kumuuliza mungu swali alilipa drakma moja na oboli mbili, sarafu za Kigiriki.

Ibada hiyo ilikuwepo kweli. Joka hilo, Glycon, limo kwenye sarafu za mji huo, na mwaka 1962 huko Constanța, Romania, ilifukuliwa sanamu yake ya marumaru, yenye nywele za mtu. Lakini marumaru inathibitisha kwamba watu waliabudu. Haithibitishi mrija. Lucian hasemi ni nani aliyemfunulia siri zote hizo, na chuki yake haifichi: alipewa mkono wa nabii aubusu, akaung'ata. Tena akieleza jinsi barua za waulizaji zilivyofunguliwa kwa sindano ya moto bila lakiri kuharibika, anadokeza kwamba mbinu nyingine zimo katika kitabu dhidi ya wachawi kilichoandikwa na Celsus, rafiki anayemtungia habari hii. Kwa hiyo hila hizo zilishakuwa vitabuni. Huenda Lucian alizishuhudia, na huenda aliokota za kitabuni akamvika Alexander.

Upande wa pili yupo Philostratus, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya tatu. Malkia Julia Domna, mke wa kaizari Septimius Severus, alimtaka aandike maisha ya Apollonius wa Tyana, mwanafalsafa wa karne ya kwanza aliyefuata njia ya Pythagoras: hali nyama, havai ngozi, anatembea nchi hadi nchi. Vikatoka vitabu vinane. Anayejua manakibu, masimulizi ya sifa za mawalii, ataitambua sauti hiyo, ya mwandishi asiyetaka bwana wake apungukiwe hata na karama moja. Anadai alipata maandishi ya mwanafunzi aitwaye Damis, ambaye wataalamu wengi wanashuku kwamba hakuwahi kuwapo.

Wasomaji wa leo huwa tunampa Lucian ushindi mapema, nadhani kwa sababu anacheka tunapotaka kucheka. Mimi napenda kwanza kuwasoma pale wanaposimulia jambo linalofanana. Kwa Philostratus, tauni imeingia Efeso. Apollonius anawakusanya watu kwenye ukumbi wa michezo, anawaonyesha mzee ombaomba, mkononi ana mfuko wa makombo ya mkate, na kuwaamuru wampige mawe. Watu wanasita, mzee analia, anaomba huruma. Mwisho wanampiga hadi mawe yanakuwa kilima, na yalipoondolewa ikaonekana maiti ya mbwa mkubwa kama simba. Tauni ikaisha. Kwa Lucian, Mwepikureo mmoja, mfuasi wa falsafa ya Epikuro iliyokataa miujiza, anamuumbua Alexander hadharani, naye anauamuru umati umrushie mawe. Mtu huyo anapona kwa kuwa mkubwa mmoja wa Ponto, jimbo la pwani hiyo ya Bahari Nyeusi, alimkumbatia.

Kitendo ni kilekile: mwalimu mtakatifu anauelekeza umati kwa mtu mmoja. Mmoja anakiita jinai, mwingine tiba. Lucian hapa ana haki zaidi, sibishani. Ila kama ushahidi, Philostratus ananishtua zaidi, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kututajia kwamba watu walisita wala kwamba mzee alilia. Adui angeyaongeza hayo kwa furaha. Mfuasi anayataja huku akisifu.

Lucian naye ana pahali pake pa kulegea. Wakati wa tauni Alexander alieneza ubeti wa kuandikwa juu ya milango, na nyumba zilizouandika, anasema, ndizo zilizofiwa zaidi. Angeweza kuishia hapo akashangiliwa. Badala yake anaongeza kwamba pengine ilitokea tu, au wenye nyumba waliutegemea ubeti wakaacha kujihadhari.

Na Philostratus, akisimulia msichana wa Roma aliyeinuka kwenye jeneza Apollonius alipomgusa na kumnong'oneza neno, anasimamisha sifa zake ghafla. Mvua ilikuwa inanyesha, anasema, na mvuke ulikuwa unapanda usoni mwa msichana. Kama bado alikuwa na cheche ya uhai au la, yeye hawezi kusema, na hata waliokuwepo hawakuweza.