Msitu wa kale wa misonobari si shamba la paini

Mtu wa Mwanza akisikia "paini" anawaza mbao za kenchi, au yale mashamba ya serikali ya Buhindi kule Buchosa na Rubya kule Ukerewe: miti ya umri mmoja, imenyooshwa kwa mistari, chini kumejaa majani makavu na ndege ni wa kuhesabu. Ndiyo maana ndugu zetu hushangaa wakisikia kwamba huku Minnesota watu huendesha gari kwa muda wa karibu saa nne kutoka Minneapolis kwenda tu kuangalia misonobari, yaani paini hizo hizo. Tofauti ni kwamba kule hakuna aliyepanda. Na uhai wake mwingi uko kwenye miti iliyokufa.

Mahali penyewe panaitwa Lost Forty, ndani ya Msitu wa Taifa wa Chippewa. Mwaka 1882 wapima ardhi walikosea ramani, wakalichora eneo hilo kama sehemu ya Ziwa Coddington. Wanunuzi wa magogo walifuata ramani, na nani ananunua magogo yaliyo ndani ya maji? Ekari 144, yaani kama hekta 58, zikabaki zimesimama huku misitu ya misonobari ya jimbo ikigeuzwa mbao. Baadhi ya miti ina zaidi ya miaka 300. Basi wale wanaopenda kusema "wenzetu wanajua kutunza" wapunguze kidogo sifa hizo. Usukumani mzee anayetenga ngitili anaitenga makusudi, mifugo ipate malisho ya kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulijenga juu ya ujuzi huo kurudisha miti.

Ukifika, njia ya miguu ni kama kilomita moja na nusu, haina kona za kupotea. Anza na majani. Msonobari mweupe una majani matano kwenye kila kishada, laini. Mwekundu una mawili, marefu, na ukilikunja moja linakatika kwa mlio. Gome lake ni la magamba mekundu. Okota yaliyoanguka, usichume: sehemu ya eneo hilo ni hifadhi ya kisayansi, na hata kubeba koni moja, lile tunda kavu la msonobari, mfukoni ni kosa.

Halafu tafuta mti uliokauka ukiwa umesimama. Matundu ya mstatili, marefu kama kiganja, ni kazi ya kigogota mkubwa mwenye kishungi chekundu anayechimba kufuata sisimizi wanaotoboa mbao. Akihama, bundi wadogo na kindi huingia. Chini ya mti ukiona rundo la magamba ya koni, hapo ni ghala la kindi mwekundu. Simama pembeni dakika kumi na tano bila kuongea, atakuja mwenyewe kukugombeza. Gome lililobanduliwa juu kabisa, likaacha weupe, ni chakula cha nungunungu wa huko, ambaye hupanda miti tofauti na wa kwetu. Juu ya msonobari mweupe mrefu, karibu na maji, tai kichwa-cheupe hujenga kiota. Mbwa mwitu wa kijivu na dubu wapo, lakini utaona nyayo na kinyesi tu. Anayetaka kuona wanyama wengi kwa nusu saa asifunge safari hii.

Kinachowaharibia wengi siku ni kupe. Wale wa paa wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme wakiwa wachanga ni wadogo kama punje ya ulezi, si hawa wa ng'ombe tuliowazoea. Vaa nguo za rangi nyeupe, chomeka suruali ndani ya soksi, na jioni kagua kwapa, nyuma ya magoti na nywele. Ukimkuta, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Kumchoma au kumpaka mafuta kunamchelewesha kutoka, na muda ndio hatari: mara nyingi huambukiza baada ya kung'ang'ania zaidi ya saa 24. Juni mbu hawavumiliki. Septemba ndiyo nzuri.

Jambo moja linanikera kuhusu utunzaji wa huku. Mbegu ya msonobari mwekundu inataka udongo mtupu na mwanga, vitu vilivyokuwa vinaletwa na moto mdogo wa mara kwa mara. Gome nene liliwakinga wazee. Karne ya 20 moto ulizimwa kila ulipowaka, na sasa chini ya majitu hayo inakua miti mingine, watoto wao hawaonekani. Kwetu shida ni kinyume: moto kila kiangazi. Lakini msitu wowote una kipimo chake cha moto, na katazo tupu halikijui.

Sasa tuje kisiwa cha Saanane, dakika kumi hivi kwa boti kutoka Capri Point, Mwanza. Ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Tanzania, kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake, na bado ni kubwa kuliko Lost Forty. Lost Forty hakuna lango, mwongozaji wala kiingilio. Saanane unalipa, unapanda boti, na askari anakutajia majina. Mimi nachagua Saanane. Bila mtu wa kukuonyesha, mjusi wa mawe mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu ni mjusi tu. Ukiambiwa kwamba jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limetokana na Mwanza, unainama kumtazama tena.

Ila tunachokosea ni kile kile cha mti mkavu. Ufukweni mkuyu ukifa, kesho ni kuni au mkaa. Kisiwa cha Rubondo, hifadhi nyingine ya Ziwa Victoria, ambako kasuku wa kijivu waliachiwa mwaka 2000, ndege hao hutaga ndani ya mashimo ya miti mikubwa. Shimo halichongwi kwa mwaka mmoja, na mche mpya hauna. Ukienda, mwombe mwongozaji akuonyeshe miti yenye mashimo kabla hajakupeleka kwa tembo.