Anemia ya Aplastiki: Ukali au Chanzo?

Katika anemia ya aplastiki, uboho wa mifupa huacha kutengeneza damu na nafasi yake hujaa mafuta. Chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani zote hupungua. Madaktari huupanga ugonjwa huu kwa ukali na kwa chanzo, lakini ukali ndio unaotangulia.

Si bure. Vigezo vya daktari Camitta na wenzake vya mwaka 1976 bado ndivyo msingi wa kuuita ugonjwa mkali: uboho uwe na chini ya robo ya chembe zake za kawaida, pamoja na mawili kati ya matatu: neutrofili (chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu) chini ya 500 kwa maikrolita, chembe sahani chini ya 20,000, au chembe nyekundu changa kuwa chache mno. Neutrofili zikishuka chini ya 200, ugonjwa huitwa mkali sana, na hapo homa ya usiku mmoja inaweza kuua. Mwenye neutrofili 1,000 asiyehitaji kuongezewa damu anaweza kufuatiliwa kliniki tu.

Orodha ya vyanzo, kusema kweli, kwa sehemu kubwa haimsaidii mgonjwa. Kloramfenikoli (dawa ya kuua bakteria), kemikali ya benzini, mionzi: ukikijua chanzo utamwepusha nacho, ila tiba haibadiliki sana. Wagonjwa wengi hawapatikani na chanzo chochote. Kinga ya mwili wao wenyewe ndiyo inayoshambulia chembe mama za damu.

Ila mstari mmoja wa orodha hiyo hauruhusu mzaha: ugonjwa wa kurithi. Anemia ya Fanconi, aliyoieleza daktari Guido Fanconi wa Uswisi mwaka 1927, haitibiki kwa dawa za kutuliza kinga. Ukikimbilia kupandikiza uboho kwa dozi za kawaida za kemotherapi, unaweza kumuua mgonjwa, kwa kuwa chembe zake hazijui kurekebisha DNA iliyovunjika. Namba za ukali haziwezi kukuambia hilo. Fanconi na ugonjwa wa kinga huweza kutoa majibu yaleyale ya maabara.

Kwa hiyo naupa ukali haki ya kuamua kasi, si haki ya kuchagua tiba. Kumtazama mtoto ni bure: kimo kifupi, kidole gumba kisicho cha kawaida, mabaka ya rangi ya kahawa ya maziwa. Wengine hawana alama yoyote, wengine hugunduliwa ukubwani, ndiyo maana kipimo cha kuvunjika kwa kromosomu kinahitajika kwa kila mgonjwa kijana. Na ndugu anayetarajiwa kutoa uboho naye apimwe, maana anaweza kuwa na ugonjwa huohuo bila dalili.