Ekzosi ya Zawadi

Kazini naitwa mhandisi mkuu wa mifumo ya umeme. Ukikikatakata cheo hicho, maana yake ni kwamba gari la rali likizimika, wote wanageuka kunitazama mimi.

Siku hiyo waligeuka saa nne asubuhi. Tulikuwa Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, tukilijaribu gari wiki moja kabla ya Safari Rally. Dereva alikwenda kama kilomita mbili, dashibodi ikaanza kukonyeza kama taa za Krismasi, injini ikakohoa, ikakosa nguvu. Akarudi polepole, kope zimejaa vumbi laini lile la fesh-fesh, na hakusema neno. Dereva asiposema neno ni heri atukane.

Nikatoa mita. Kompyuta ya injini, dashibodi na wenzao huongea kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, zinaitwa CAN. Kila mwisho wa nyaya hizo hukaa rezista ya omu 120, ili ujumbe ukifika huko umezwe. Isipokuwepo, ujumbe hugonga mwisho ukarudi kama mwangwi, na kompyuta zikaanza kusikia visivyosemwa. Rezista zote mbili zikiwepo, mita husoma 60.

Mita ikasoma 120.

Hilo nalijua hata usingizini: rezista moja haipo. Nikalala chali chini ya gari, nikaiona soketi iko wazi, inanitazama kama jicho la samaki. Plagi yake, yenye rezista ndani, imeng'olewa, tena kwa ustadi, bila mkwaruzo.

Hapo nikahutubu. Nilizungumzia nidhamu, vidole visivyotulia, na jinsi Kenya ilivyokaa nje ya ratiba ya rali za dunia baada ya 2002 hadi 2021, kana kwamba hata hilo lililetwa na mtu aliyegusa umeme bila ruhusa. Kijana wetu wa mafunzo alikuwa karibu zaidi, basi nikamwamuru atoe vitu mifukoni. Zikatoka njugu, laini mbili za simu, na spana namba kumi niliyokuwa nikiitafuta tangu Jumanne. Plagi hakuna.

Rezista yenyewe ni ya shilingi chache tu. Lakini hii imefungwa ndani ya plagi isiyopitisha maji wala vumbi, na ya akiba ilikuwa Naivasha, ndani ya kontena ambalo mwenye ufunguo alikuwa hashiki simu.

Simu yangu ikalia. Mama Zawadi ametuma picha: binti yetu wa Gredi ya Nne ameshika gari la maboksi ya maziwa, magurudumu ni vifuniko vya soda. "Mradi wa CBC. Mwalimu ameupenda sana!" Nikaikuza kwa vidole viwili. Nyuma ya gari, imegandishwa kwa gundi, ilikuwepo ekzosi nyeusi inayong'aa, maridadi kweli.

Kijana wa mafunzo alikuwa amechungulia begani kwangu. "Injinia, hiyo ekzosi..."

"Nyamaza."

Ndipo nikakumbuka. Usiku uliopita nilikuwa nimeibeba dashibodi nyumbani kuitia programu mpya, nikaing'oa plagi kwa mkono wangu mwenyewe ili niifanyie majaribio mezani. Asubuhi nikaondoka na dashibodi.

Nilipita Mbaruk na Lanet nyuma ya malori, moyo ukienda kasi kuliko gari. Shuleni nikaingia na ovaroli yenye nembo za wadhamini. Mwalimu akanisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo, Baba Zawadi, gari la mamilioni limesimama kwa sababu ya ekzosi ya boksi la maziwa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Lakini huu mradi sijautia alama."

Nikamweleza kuhusu omu na mwangwi. Akasema ni vizuri sana, nije siku moja niwafundishe watoto. Baada ya kubembeleza sana, na kuahidi kutengeneza kengele ya shule, akaniachia. Niliibandua kwa kisu cha jikoni cha shule huku Zawadi akinitazama, mikono kifuani. Mahali pake nikabandika kifuniko cha biro. Akakitazama, akanitazama mimi, akaenda zake.

Saa tisa mita ilisoma 60, na gari likapaa vizuri hadi jua likashuka. Gundi niliikwangua kwa kucha. Kijana nilimnunulia soda na chapati mbili. Suala la spana tukaliacha lilale.

Jioni nikakuta daftari la Zawadi limewekwa wazi kando ya sahani yangu ya ugali. Wino mwekundu: "Anakaribia matarajio. Ekzosi imeanguka."

Nikatia sahihi palipoandikwa mzazi.