Tezi dume na mawimbi ya altrasaundi: kutopasuliwa si kupona

Mzee anayeamka mara tano usiku kwenda msalani, akasimama akisubiri mkojo unaotoka kwa matone, hawezi kulaumiwa akisikia habari za mashine inayotibu tezi dume bila kisu na kutaka kuipata kesho. Wanaoitetea mashine hiyo wana hoja nzito. Upasuaji uliozoeleka, wa kuikwangua tezi kupitia njia ya mkojo, humwacha mgonjwa akikojoa damu kwa siku kadhaa, na kwa wengi shahawa huanza kurudi kwenye kibofu badala ya kutoka nje. Kwa mashine hii, mawimbi ya altrasaundi hurushwa kutoka kwenye kifaa kilichoingizwa puru, na kwa kuwa kila wimbi peke yake ni dhaifu, hupenya ukuta wa puru bila kuuchoma. Yanapokutana ndani ya tezi, joto hupanda kupita nyuzi 60 za Selsiasi kwa sekunde chache, na kijisehemu cha nyama kinachokaribia punje ya mchele hufa. Daktari husogeza shabaha, akaua punje ya pili, kisha ya tatu.

Lakini nyama iliyokufa bado imo. Huvimba kwanza, na ndiyo maana mtu aliyeahidiwa kwamba hatapasuliwa huondoka hospitali akiwa na mpira wa mkojo na mfuko wake pajani, akisubiri wiki zipite uvimbe unywee. Ganzi nayo kwa kawaida haiepukiki, kwani ni lazima alale bila kutikisika. Huko Vienna, Austria, wanaume 80 waliotibiwa hivi kwa uvimbe usio wa saratani walifuatiliwa kwa miaka minne, na 35 kati yao iliwabidi wakwanguliwe hatimaye. Kwangu mimi, tiba inayomrudisha karibu nusu ya wagonjwa kwenye upasuaji ule ule walioukimbia haijawapunguzia mzigo, imewaongezea safari.

Kwa saratani ambayo haijavuka mipaka ya tezi, hoja huwa nyingine kabisa. Kuondoa tezi yote kunaweza kumfanya mwanamume ashindwe kuzuia mkojo na apoteze nguvu za kiume, ilhali wengi wa waliochomwa sehemu tu ya tezi huendelea kuuzuia vizuri. Wapinzani wanakumbusha, na wako sahihi, kwamba saratani inaweza kubaki au kuibuka katika sehemu isiyoguswa, hivyo mgonjwa atahitaji kipimo cha damu cha PSA, protini itokayo kwenye tezi dume, na hata kukatwa vinyama vya uchunguzi kwa miaka. Mwaka 2015, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu mashine hizi kwa ajili ya kuharibu nyama ya tezi dume. Kibali hicho hakikusema kwamba zinatibu saratani, na matangazo ya kibiashara hayapaswi kuificha tofauti hiyo.

Mzee wetu wa matone, ikiwa uvimbe wake si saratani na dawa zimeshindwa, ningemshauri akubali kukwanguliwa.