Hii haikwami

Ninyi mliotumiwa ile video na rafiki yangu, sikilizeni na upande wa shofere. Sikuwa "ninaosha barabara", kama anavyowaambia.

Kuna mwenye shamba barabara ya Kasenga, huku Lubumbashi, ana kamio ya pompie (lori la zimamoto), Unimog 404, mzee wa Ujerumani wa kupambana na moto wa porini. Ya benzini, silinda 6, ekseli zimekaa juu kuliko vitovu vya magurudumu, visiki vinapita chini bila kugusa. Njia nzima nilimhubiria rafiki yangu hayo. "Hii haikwami," nikamwambia. (Najua, najua. Sasa ndilo jina langu mtaani.)

Moto ulikuwa unakula majani ng'ambo ya dambo, lile bonde la nyasi linalojaa maji masika. Septemba, dambo limekauka juu, limepasuka, likanidanganya. Katikati magurudumu ya nyuma yakazama. Nikacheka kwa dharau, si kuna ya mbele, unayaunganisha na injini kwa fimbo? Pale chini kuna fimbo kadhaa, maandishi yake yalifutika zamani. Nikakanyaga ambreyaji (klachi), nikavuta moja. Tak!

Nikakanyaga mafuta. Kamio ikanguruma vizuri sana, ila haikusogea. Nyuma nikasikia shwaaa, nikadhani ni matairi yanatafuna udongo. Nikafurahi, nikaongeza. Wauza makala (makaa) wakaegemeza baiskeli zao, wakanitazama kimya kama wako kanisani. Nikawapungia mkono. Jamani, niliwapungia mkono! Kamio inashuka taratibu, kwa heshima zote, mimi nakanyaga tu, mpaka udongo ukafika mlangoni. Ndipo mzee mmoja akasogea dirishani:

"Papa, moto iko kule. Juu ya nini unamwangia kamio maji?"

Ilikuwa fimbo ya pampu. Kamio ya pompie ya aina ya TLF 8 hiyo, pampu yake ni ya lita 800 kwa dakika, na koki ya nyuma ilikuwa wazi. Kila nilipokanyaga, nilijichimbia bwawa na kulijaza mwenyewe. Tangi likaisha, majani yanaendelea kuungua.

Wale wa makala wakakata matawi mabichi, wakaupiga moto ukafa. Wakachimba, wakatandika matawi chini ya matairi, rafiki yangu (asiyejua hata kuendesha baiskeli) akavuta fimbo ya jirani, kamio ikatoka. Kazie (kreti) mbili za bia ya Simba zikanitoka mfukoni.

Mwenye kamio anapiga tangu asubuhi, anauliza maji yalikwenda wapi. Kitu pekee nilichokizima ni simu.